Je, Wajua? Chuo Kisichouliza Ulifeli Lini

Ukiulizia vyuo mjini Singida, utaonyeshwa kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, utaonyeshwa VETA, na mwenyeji wa Iramba ataongeza Chuo cha Ualimu Kinampanda. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba ni mahali pa kumficha mtoto aliyefeli. Mkoa huu unavyo viwili: kimoja Singida, kingine Msingi kule Mkalama. Ni miongoni mwa vyuo 54 vya aina hiyo Tanzania Bara, na historia yake ina heshima kubwa kuliko inavyodhaniwa mitaani. Yafuatayo ni mambo ambayo ningependa kila mzazi ayajue, pamoja na kila kijana aliyekaa nyumbani akiamini kwamba kwake masomo yamekwisha.

Wazo lilitoka kwa wakulima wa Denmark

Je, wajua kuwa asili ya chuo kama cha Msingi ni shule ya wakulima wa Ulaya ya Kaskazini? Mchungaji na mshairi wa Denmark, N.F.S. Grundtvig (1783–1872), alichukizwa na shule za wakati wake zilizowakaririsha vijana Kilatini huku zikiwaacha hawajui la kufanya vijijini kwao. Alitaka shule ya watu wazima isiyo na mtihani, ambako watu wangelala bweni moja, wangekula meza moja na kujifunza kwa kuzungumza na kuulizana. Ya kwanza ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ikafuata mwaka 1868, ikafungua tatu kwa mpigo.

Shule hizo zilifuata kalenda ya shamba. Vijana wa kiume walisoma majira ya baridi, theluji ikiwa imefunika mashamba na hakuna kazi ya mikono. Wasichana wakasoma majira ya joto. Mtu wa Singida haelezwi jambo hilo mara mbili. Kwetu mvua ni msimu mmoja: huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili au Mei. Mtama, uwele na alizeti vikishaingia ndani, jembe hupumzika hadi mwisho wa mwaka. Kozi fupi ya wiki chache ikiwekwa Agosti inampata mkulima. Ikiwekwa Januari, atakayekuja ni yule asiye na shamba.

Na wakulima wale hawakusoma bure. Mwaka 1882, huko Hjedding, magharibi mwa Denmark, walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika. Ushirika wa namna hiyo ukaenea nchi nzima, na mara nyingi waliouongoza ni watu waliopitia shule za wananchi. Hawakuwa na cheti cha kuonyesha. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kukaa kikao, kusikilizana, kuweka hesabu wazi na kudaiana maelezo bila ugomvi.

Vilianza mwaka ambao taifa zima lilikaa kwenye mtihani

Sensa ya 1967 ilionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miembe, kwenye maghala na majengo ya shule za msingi jioni. Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kupima kisomo hicho. Zaidi ya watu milioni 5 waliufanya, wengi wao wakiwa wazazi wenye watoto, baadhi yao wakiwa na wajukuu.

Mwaka huohuo wa 1975 mpango wa vyuo vya maendeleo ya wananchi ukaanza, Sweden ikisaidia kwa fedha na walimu. Kufuatana huko hakukuwa kwa bahati. Mama aliyekwisha kujua kusoma barua yake mwenyewe alikuwa na haki ya kuuliza sasa asome nini, na chuo kilikusudiwa kuwa jibu. Vingi havikujengwa upya: vilikuwa vituo vya mafunzo ya wakulima na vya mafunzo vijijini vilivyopewa kazi mpya.

Mwanafunzi alitumwa na kijiji

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo lililosahaulika zaidi. Katika mpango wa awali, mwanafunzi hakujipeleka. Kijiji kilimchagua, na kilimtazamia arudi. Penye duka la ujamaa alitakiwa mtu wa kutunza vitabu vya hesabu. Palipojengwa zahanati alitakiwa mwashi. Penye ng'ombe wengi na maarifa machache ya tiba alitakiwa mtu wa mifugo. Aliporudi alikuta kazi inamsubiri, maana waliomtuma walijua kwa nini wamemtuma.

Leo mwombaji hujaza fomu mwenyewe, mzazi akalipa, na akihitimu huanza kutafuta wateja mmoja mmoja. Sisemi turudi kwenye vijiji vya ujamaa. Lakini vikundi vya wakulima wa alizeti vipo, vyama vya ushirika vya msingi vipo, VICOBA vipo kila kata. Kikundi cha akina mama thelathini kinaweza kuchanga ada ya binti mmoja akasomee ushonaji, kwa makubaliano kwamba akirudi atashona sare za shule za kata yao. Hakuna sheria inayokataza, na nashangaa kwa nini halifanyiki mara nyingi zaidi.

Ukuta unaojengwa ili ubomolewe

Ingia kwenye karakana ya uashi ya chuo chochote cha ufundi katikati ya muhula, utakuta kuta fupi zimesimama bila nyumba. Matofali yamepangwa kwa udongo, au kwa mchanga uliotiwa chokaa kidogo. Saruji haitumiki, kwa sababu ukuta ule una maisha mafupi. Mwanafunzi huanza na kona. Huipandisha tofali kwa tofali, akishusha timazi kila baada ya kozi mbili tatu kuona kama imesimama wima. Kona zote mbili zikishakuwa sawa, kamba huvutwa kutoka moja hadi nyingine, na katikati hujazwa kwa kuifuata kamba. Pima maji hulazwa juu. Mwalimu hupita, hutazama kwa jicho moja, hugusa tofali moja lililotoka nje kwa upana wa kucha, halafu ukuta mzima hushushwa. Matofali hukwanguliwa udongo, hupangwa pembeni, na mwanafunzi huanza upya.

Ni elimu ya gharama ndogo na yenye ukali wake. Kwenye ushonaji ni hivyohivyo: mikasi hupita kwanza kwenye karatasi ya kaki, hata ya mfuko wa saruji, na kitambaa huja baadaye. Kwenye umeme wa majumbani, swichi, soketi na taa hufungwa juu ya ubao kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kugusa nyumba ya mtu. Useremala, uchomeleaji, ufundi magari, kilimo na mifugo, upishi: fani ni nyingi, ingawa si kila chuo kinazo zote, na mwombaji hana budi kuuliza kabla ya kulipa.

Alizeti inahitaji mchomeleaji

Ukipita barabara kuu za Singida utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya njia. Nyuma ya kila dumu kuna kinu. Ndani ya kinu kuna skrubu nene ya chuma inayozisukuma mbegu kwenye pipa jembamba mpaka mafuta yachuruzike. Skrubu hiyo huliwa na msuguano. Ikishapungua, mafuta mengi hubaki kwenye mashudu na mkulima hupoteza bila kujua. Dawa yake ni kuijaza chuma kwa kuchomelea, kisha kuisawazisha mpaka irudie unene wake. Mtu anayeweza kazi hiyo vizuri huokoa mafuta ya kata nzima katika msimu mmoja.

Mashudu nayo hayatupwi. Yana protini nyingi, hulishwa ng'ombe na huchanganywa kwenye chakula cha kuku, na kuku wa kienyeji wa Singida anajulikana hadi masoko ya Dar es Salaam. Mchomeleaji, mkamuaji na mfugaji wote wanategemea zao moja, na wote watatu wanaweza kufundishwa ndani ya uzio mmoja. Ndiyo sababu chuo cha wananchi kinachofuata uchumi wa mahali kilipo kina thamani kuliko kile kinachoiga fani za mjini.

Mtoto mchanga anaruhusiwa

Kabla ya Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi shuleni, msichana wa namna hiyo hakuwa na nafasi katika shule ya Serikali. Vyuo vya wananchi vilikuwa vimekwisha kumpokea. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, inayoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania kwa kushirikiana na vyuo hivi, wasichana waliotoka shuleni mapema husoma masomo ya sekondari pamoja na fani ya mikono, ujasiriamali na stadi za maisha. Aliyejifungua huja na mtoto. Mama akiwa darasani au kwenye cherehani, mtoto yuko kwenye kituo cha malezi palepale chuoni.

Anayetaka kuendelea na masomo ya kawaida hufanya Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, ambao humfungulia njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ni njia ndefu, na wapo wanaoimaliza.

Upo pia mpango uitwao Mpira Fursa, unaowafundisha wasichana soka kupitia vyuo hivihivi. Mzazi anayeshangaa soka linahusiana nini na ushonaji akaangalie mechi moja, amwone binti aliyekuwa haongei mbele za watu akimpangia beki wake mahali pa kusimama.

Vyuo vimehamishwa wizara mara mbili

Vilianza chini ya Wizara ya Elimu. Mwaka 1990 vikapelekwa kwenye wizara ya maendeleo ya jamii, kisha mwaka 2016 vikarudishwa Elimu. Kurudi huko kumevisogeza karibu na mfumo wa VETA, na majengo mengi yaliyochakaa yamekarabatiwa. Hofu yangu ni moja: kadiri kozi ndefu zenye cheti zinavyoongezeka, kozi fupi za mkulima, za mama wa VICOBA na za mzee anayetaka kujua kufuga nyuki kwa mizinga ya kisasa zinaweza kubanwa hadi zikakosa mwalimu na chumba. Watu hao ndio ambao vyuo vilianzishwa kwa ajili yao.

Rosa Parks alipita kwenye shule ya ukoo huohuo

Mmarekani Myles Horton alikwenda Denmark kuzitazama shule za wananchi, akarudi nyumbani na mwaka 1932 akashiriki kuanzisha shule ya Highlander katika milima ya Tennessee. Weusi na Weupe walikaa na kula pamoja hapo wakati ambapo sheria za jimbo ziliwatenga. Agosti 1955 mshonaji mmoja kutoka Montgomery, Rosa Parks, alihudhuria mafunzo Highlander. Desemba 1 mwaka huohuo alikataa kumpisha abiria Mweupe kiti ndani ya basi, akakamatwa, na mgomo wa mabasi uliofuata ukabadilisha historia ya nchi ile. Mwaka 1961 Tennessee ikaifunga shule hiyo. Walimu wake wakafungua nyingine.

Marekani ina aina nyingine pia, chuo cha jamii cha miaka miwili. Kikongwe zaidi kati ya vile vya umma ni Joliet, jimboni Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Hicho humwandaa mwanafunzi kwa kazi au kwa kuhamia chuo kikuu. Vyetu vimechukua damu ya Denmark zaidi, ingawa sasa vinaelekea kuwa na sura zote mbili.

Fundi wa mtaani anaweza kupata cheti bila kuanza darasa la kwanza la ufundi

Yupo fundi aliyejifunza kwa mjomba wake, amejenga nusu ya nyumba za mtaa, na hana karatasi hata moja. VETA ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi huomba, hupimwa kwa vitendo na kwa mahojiano na watu wanaoijua kazi, hupewa mafunzo mafupi ya kuziba yale aliyopungukiwa, mara nyingi usomaji wa michoro, vipimo na usalama kazini, kisha hutunukiwa cheti. Miaka aliyokaa juu ya jukwaa la mbao akimpokea mjomba wake ndoo za zege inahesabiwa kuwa shule.

Kwa anayeanza mwanzo, cheti cha ufundi stadi kina hatua tatu, ya I hadi ya III, na mtu anaweza kusimama kwenye hatua yoyote, akafanya kazi miaka kadhaa, akarudi kuendelea pale alipoachia. Fomu huchukuliwa chuoni, na matangazo hubandikwa pia kwenye ofisi za kata. Kozi ndefu huwa na muda wake wa maombi. Kwa kozi fupi, inafaa kwenda chuoni kuuliza inaanza lini, na kama haijapangwa, kwenda na wenzako kumi wanaoitaka.