Kaseti za zamani: mbele ya kuitia mu mashini, iangalie kwanza



Mu nyumba nyingi, toka Kipushi mpaka Likasi na Kolwezi, kuko karto moja chini ya kitanda ao juu ya kabati. Ndani yake kuko kaseti za VHS, zile kubwa nyeusi, na juu yake maandiko ya bic: «Ndoa ya dada, 1989». «Kommunio ya mapasa». «Kilio cha Baba». Hakuna anayeziangalia tena juu mashini ya kuzichezesha ilikufa zamani, lakini hakuna pia anayekubali kuzitupa.

Ana sababu. Mu 2003, wakati wa ile operesheni ya Départs Volontaires, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka Gécamines. Wengi wao hawako tena. Sauti yao, namna yao ya kutembea, koti walilovaa siku ya ndoa, yote ilibakia paka mu zile kaseti. Na kaseti inazeeka sawa mutu. Mashini nazo zinaisha: kampuni ya mwisho iliyokuwa inatengeneza mashini za VHS, Funai ya Japani, ilisimamisha kazi ile mu 2016. Zinazobakia ni za okazyo, na kila mwaka zinapunguka.

Ku biro ya sehemu yetu ya sendika tuliweka mashini moja, ordinateri moja na kisanduku kidogo cha USB cha kuunganisha hivi viwili. Tulichanga feza wenyewe. Mwanzo ilikuwa juu ya kuokoa kaseti za mikutano ya wafanyakazi, lakini wamama walisikia, na sasa kila juma wanaleta ndoa na vilio. Mama mumoja mujane alikuja na disiki aliyofanyishwa ku studio moja ya mujini. «Papa, balikula makuta yangu, na disiki haina kintu ndani.» Disiki ilikuwa na kintu. Fundi alisahau tu kitendo cha mwisho, nitakieleza chini. Bahati ya mama ni kwamba kaseti yake walimurudishia. Wengine kaseti wanaiacha kule kule, juu wanafikiri disiki ikishatoka kaseti haina kazi tena.

Njo maana naandika. Kaseti yenye kugonjwa inaweza kubakiza mara moja tu ya kucheza vizuri. Ile mara moja musiiharibu kwa haraka.

Angalia ku kale kadirisha ka plastiki. Ukiona unga mweupe ao wa kijivu juu ya bandi, ule utepe uliozungushwa ndani, ule ni ukungu. Mvua yetu ya novemba mpaka aprili, na nyumba zenye kuvuja, vinauleta sana. Kaseti ya namna ile usiitie mu mashini nzuri hata dakika moja: itachafua vichwa vya kusomea, na mashini itachafua kaseti zote zitakazofuata. Iweke peke yake mu mufuko, pahali pakavu, si ku jua kali. Fundi mwenye akili ana mashini moja ya zamani aliyoitoa sadaka, inazungusha tu kaseti za ukungu, na kitambaa safi kinapita juu ya bandi. Ile kazi ifanyike inje, na kitambaa ku pua. Mapafu yetu ilishakula vumbi ya kutosha.

Kama bandi ni safi, vunja kwanza kale kalimi ka plastiki ku mugongo wa kaseti, kama kangali kapo. Bila kale kalimi, hakuna mutoto atakayebonyeza kidude chekundu na kurekodi mechi ya Mazembe juu ya ndoa ya nyanya yake. Kisha peleka kaseti mpaka mwisho na uirudishe mpaka mwanzo, bila kuangalia picha. Kaseti iliyolala miaka makumi mbili imeshikamana; ukiichezesha mara moja inavuta vibaya, na inaweza kukatika.

Ikikatika, si mwisho. VHS inafungwa na visi tano, turnevisi ndogo inatosha. Kata ncha mbili sawasawa, uziweke uso kwa uso bila kupandana, na ushikamanishe upande wa ndani, ule usiogusa ngoma ya mashini. Skoche ya biro hapana: gundi yake inayeyuka na joto na inaenda kukaa ku vichwa. Kuko skoche ya kazi hii. Kama hauna, ngoja mpaka uipate. Kama sanduku la kaseti ndilo lilivunjika, hamisha bandi na magurudumu yake mu sanduku la kaseti ingine isiyo na maana. Kila familia ina moja ya filamu ya karate.

Sasa picha. Shida inayotudanganya zaidi hapa kwetu ni picha ya nyeupe na nyeusi. Mutu anasema: «Rangi ilikufa.» Mara nyingi haikufa. Televizyo ya Zaïre ilikuwa inatumia SECAM, sawa Ufaransa. Ubelgiji ilikuwa na PAL, Marekani na NTSC. Kaseti ya SECAM mu mashini ya PAL inatoa sauti nzuri na picha bila rangi. Baba kama alirekodi teatri ya Mufwankolo ku televizyo, na kaka akatuma kaseti ya ubatizo toka Bruxelles, zile kaseti mbili haziombi mashini ya namna moja, hata kama kwa inje zinafanana. Tena SECAM yenyewe iko ya namna mbili ku VHS: ile ya Ufaransa, na ingine inayoitwa MESECAM. Tafuta mashini inayosoma zote, na mu programu ya ordinateri chagua jina lile lile. Ile ya Marekani utaijua haraka: mu mashini ya PAL isiyoizoea, picha inapanda na kushuka bila kusimama.

Kama rangi iko lakini kuko teluji (hatujaona teluji Katanga, lakini wote tunaijua ku televizyo), vichwa ni vichafu. Chomoa mashini ku umeme, ifungue, chukua karatasi safi ya biro uiloweshe na alkoli ya isopropili, ile ya wafundi wa elektroniki. Si parfum, na tafadhali si lutuku. Shika karatasi bila kuisogeza juu ya ngoma ya chuma, na uzungushe ngoma yenyewe pole pole na kidole. Usisugue juu na chini, na usitumie pamba: nyuzi zake zinanasa ku vichwa na zinavivunja. Ngoja ikauke. Kama ni mustari mumoja tu wa fujo chini ao juu ya picha, usifungue kitu. Tafuta kidude cha «tracking» na ukisogeze mpaka mustari utoke. Kila kaseti iko na pahali pake, juu kila mashini iliyorekodi ilikuwa na tabia yake.

Mashini ikisoma vizuri, unaunganisha nyaya: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Mashini za zamani nyingi zina tundu moja tu la sauti. Weka ku nyeupe, na mu programu uombe sauti itoke pande zote mbili, kama si vile mutasikia paka sikio moja.

Kuko ugonjwa mumoja unaokatisha watu tamaa. Mwanzo wa ndoa, midomo na sauti vinakwenda pamoja. Kisha saa moja, pasta anasema «Amina» na mudomo wake ulishafunga zamani. Sababu yake ni hii: kaseti inapaswa kutoa picha 25 kila sekunde, lakini bandi iliyovutika haizitoi kwa kipimo sawa. Ordinateri ikikosa picha moja inaiacha, na sauti haiiachi. Kidogo kidogo picha inakuwa fupi kuliko sauti. Funga programu zote zingine, kata intaneti, andika ku disiki ya ndani ya ordinateri na si ku kle USB, na ukamate vipande vya dakika 20 ao 30, kisha uviunganishe. Kama unaweza kupata lekteri ya DVD yenye kurekodi, pitisha waya ndani yake mbele ya kufika ku ordinateri. Mara nyingi inatuliza picha. Kamera ya Digital8 inayokubali kupitisha picha inafanya kazi ile pia.

Ile dawa inasaidia pia wakati programu inakataa na kusema kaseti imekatazwa kunakiliwa, ao wakati picha inapata giza na mwanga, giza na mwanga. Ku filamu za kununua, ile ni kinga ya kweli. Ku kaseti ya nyumba ni bandi mubovu tu: ordinateri inaona fujo na inafikiri ni kufuli.

Na umeme? Tunaijua delestaji. Ordinateri ya kubeba iko na betri, mashini ya kaseti haina. Umeme ukikatika wakati kaseti inacheza, bandi inabakia imezungushwa ku ngoma. Hapa njo kaseti nyingi zinauliwa, na mikono yenye haraka. Usivute. Acha hivyo hivyo, hata mpaka kesho. Umeme ukirudi, bonyeza «stop», ngoja, kisha utoe. Mwenye uwezo wa kununua onduleri ainunue kwa mashini hii mbele ya kuinunua kwa televizyo.

Sasa disiki. DVD ya kawaida inabeba giga 4,7. Saa moja inakaa vizuri sana, saa mbili vizuri. Kaseti ya E-180 ni saa tatu, E-240 ni saa ine. Studio zingine zinafinya saa ine mu disiki moja juu ya kupunguza gharama, na wakati watu wanacheza ngoma unaona paka vikare vikare. Omba disiki mbili. Kwa lekteri za zamani, DVD-R ndiyo inasumbua kidogo kuliko zingine. Ziandikwe kwa mwendo wa 4x ao 8x, hata kama ordinateri inajisifu kwamba inaweza 16x.

Na kitendo ambacho fundi wa yule mama alisahau kinaitwa «finaliser». Disiki iliyorekodiwa ku lekteri ya kurekodi, mbele ya kufungwa hivi, inasomwa na ile mashini iliyoiandika, zingine haziioni. Tulimwambia arudishe disiki kule, waitie mu mashini ile ile na wabonyeze «finaliser». Dakika chache, ikacheza ku nyumba. Kama umeme ulikatika katikati, jaribu vile vile mbele ya kulia.

Shida ya pili inafanana: ordinateri iliandika fishye tu, kwa mfano ya mp4, na haikutengeneza DVD ya kweli. Fungua disiki mu ordinateri: kama hauoni kafoldere kanaitwa VIDEO_TS, lekteri ya salo inaweza kuikataa. Andika jina na markeri isiyo na alkoli. Karatasi ya gundi usiibandike, inazungusha disiki vibaya. Usiiache ku jua. Na uweke kopi ingine ku disiki kubwa ya ordinateri, juu DVD pia inakufa.

Neno fupi juu ya kaseti ndogo. Ile ya VHS-C inaingia mu sanduku la kuikuza na inacheza mu mashini kubwa. Video8 na Hi8 hapana, hakuna sanduku la kuzikuza. Mutu akikuuzia anakudanganya. Zinataka kamera yao wenyewe. MiniDV nayo inatoka vizuri na waya wa FireWire. Waya wa USB ku kamera nyingi unatoa paka fotografi.

Wale wanaopendelea studio, fanyeni sawa tunavyofanya na mwajiri: karatasi kwanza. Kaseti ngapi zimeingia, zitarudi ngapi (zote), saa ngapi mu kila disiki, na fishye ku kle USB. Lipa nusu. Nusu ingine baada ya kuichezesha mbele yako ku lekteri ambayo si yao, mwanzo, katikati na mwisho.

Wandugu wengine wanatuuliza kama kaseti za mikutano ya zamani zinaweza kusaidia dosye ya «décompte final». Kaseti haichukui nafasi ya karatasi ya kazi. Lakini inakumbusha nani alikuwa mu serwisi gani, na mwenzako unayemuona pale anaweza kuwa shahidi wako, kama angali muzima. Kwa hiyo disiki ikishacheza, musiangalie peke yenu. Ita muzee ao mama mukubwa, keti naye na kaye na bic, na uandike: dakika ya 14, mwenye kofia nyeupe ni nani, dakika ya 31, yule mama mwenye kubeba mutoto ni wa wapi. Sisi ku biro tuko na saa sita za mikutano, na nyuso zaidi ya nusu hakuna anayejua majina yake. Anayezifahamu apite siku ya posho, mashini iko wazi.