Utambuzi na Uainishaji wa Bakteria Waoksidishaji Amonia kwa Mbinu za Kimolekuli: Mfano wa Udongo wa Puge, Nzega

Unyamwezini, Puge ikiwemo, udongo hubadilika kadiri mteremko unavyoshuka: mchanga mwepesi juu, mfinyanzi mweusi wa mbuga chini, ambako mpunga hulimwa katika majaruba. Mpangilio wa namna hii Geoffrey Milne, akiwa Amani, aliuita katena mwaka 1935. Yurea inayotiwa jarubani hugeuka amonia. Katika tabaka jembamba la juu lenye oksijeni, vijidudu huioksidisha kuwa nitriti, kisha nitrati. Nitrati ikizama kwenye tope lisilo na oksijeni hugeuzwa gesi na kupotea hewani. Kuwatambua vijidudu hao, basi, ni kutambua mahali mbolea ya mkulima inapopotelea.

Tangu Sergei Winogradsky alipowatenga mwaka 1890, bakteria hawa wametambuliwa kwa kuoteshwa maabara. Hata hivyo, hukua polepole mno, na wanaokubali kuoteshwa si lazima wawe ndio wanaotawala shambani. Mbinu za kimolekuli huanzia kwenye vinasaba vinavyotolewa moja kwa moja udongoni. Jeni ya 16S rRNA huonyesha nasaba: Nitrosomonas na Nitrosospira ni Betaproteobakteria, Nitrosococcus ni Gamaproteobakteria. Kwa kuwa 16S za jenasi mbili za kwanza hukaribiana sana, jeni ya amoA, yenye maelekezo ya sehemu ya kimeng'enya kinachooksidisha amonia, huzitenganisha vizuri zaidi. Vianzilishi vilivyochapishwa mwaka 1997 hukuza kipande chake chenye jozi-besi 491, ambacho mfuatano wake huwekwa kwenye mti wa nasaba. Mifuatano inayofanana kwa chini ya asilimia 80 huhesabiwa kuwa ya spishi tofauti.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, asidi za mboji huzuia kimeng'enya cha polimerasi. Hivyo kukosekana kwa kipande si ushahidi wa kukosekana kwa bakteria, mpaka sampuli ijaribiwe kwa kuzimuliwa. Pili, vianzilishi hivyo havikamati arkea waoksidishaji, ambao wa kwanza wao alitengwa mwaka 2005, wala Nitrospira wanaokamilisha hatua zote mbili, walioripotiwa mwaka 2015.

Kwa hiyo, uainishaji wenye manufaa kwa Puge hauna budi kufuata katena kutoka mchangani hadi mbugani, na kutenganisha tabaka la juu na tope la chini. Tofauti ya tabaka hizo ndiyo inayoweza kuonyesha iwapo kuifukia yurea kina kirefu kutaiokoa.