Usimwinue Ovyo Aliyeumia Mgongo

Elburgon ni mji uliokuzwa na kazi ya mbao kando ya msitu wa Mau. Mtu akiangukiwa na gogo, au akianguka kutoka juu ya lori, wenzake humkimbilia wakamwinua upesi. Wema huo waweza kumlemaza maisha.

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo umepita ugwe laini, mnene kadiri ya kidole cha mwisho; kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 45. Jozi 31 za mishipa ya fahamu hutoka humo. Ugwe huo hupeleka amri za ubongo viungoni, na kurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Ukikatika shingoni, mikono na miguu hupooza. Ukikatika kifuani, mikono husalimika, miguu hupooza. Mfupa uliovunjika huunga, bali ugwe uliokatika hauungi.

Kwa hiyo majeruhi asikalishwe wala asiburutwe. Kichwa chake kishikwe kisigeuke, na msaada wa hospitali uitwe. Ikiwa hapana budi kumwondoa, watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, mwili umenyooka, wamlaze juu ya ubao mpana. Na Elburgon ubao haukosekani.