Mashimo barabarani hula faida ya mwenye gari

Mwenye basi dogo au gari la mizigo huhesabu mafuta, bima na mshahara wa dereva, lakini mara nyingi husahau gharama iliyojificha chini ya gari: springi, shokapu na bushi. Kwenye barabara za mashimo vipuri hivi huliwa kama matairi, na asiyevitengea fedha hushtukia mapato ya mwezi yameishia gereji.

Kwa miaka mingi wanunuzi wa Afrika Mashariki walipima uimara wa gari kwa matokeo ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwanzoni magari yalipangwa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, hivyo mnunuzi aliweza kuona ni lipi lililostahimili matope na makorongo miongoni mwa yale yaliyolingana na uwezo wake. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Peugeot 504 ilifuata mwaka 1975 na 1978, na Datsun ikatwaa ushindi mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Hata hivyo, kipimo hicho kina kasoro. Kadiri viwanda vilivyozidi kushindania jina, magari ya mashindano yaliimarishwa springi na bodi, na mafundi walibadilisha shokapu njiani. Gari la dukani halikuwa na bahati hiyo.

Gari la kawaida hupimwa kwenye viwanja maalumu. Nuneaton, Uingereza, kuna kipande cha barabara ya mawe kilichoigwa kutoka Ubelgiji. Na huko Lommel, Ubelgiji kwenyewe, kampuni ya Ford ina njia zenye mashimo yaliyonakiliwa kutoka barabara halisi. Gari hupitishwa hapo tena na tena, ili kilometa chache zilete uchovu wa miaka mingi. Kisha hufunguliwa na kutafutwa nyufa.

Lakini uimara huo una mpaka wake, nao ni uzito uliowekwa na kiwanda. Mzigo ukizidi, springi hulala, na kila shimo hugonga moja kwa moja kwenye bodi. Shokapu nayo haibebi mzigo. Kazi yake ni kutuliza springi. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, mafuta yaliyomo hupata joto na kutoa povu, nguvu ikapungua. Ndiyo maana shokapu za gesi huhimili zaidi safari za namna hiyo.

Kwa anayenunua gari lililotumika, kipimo cha kwanza hakina gharama: abonyeze kona ya gari kwa nguvu, kisha aachie. Likiendelea kuruka juu na chini, shokapu imekwisha. Aidha, aangalie mafuta yanayovuja na tairi lililolika kwa mabonde mabonde. Zikibadilishwa, shokapu za ekseli moja zibadilishwe zote mbili.

Kwa mwekezaji mdogo, hesabu iliyo salama ni kutenga akiba ya vipuri hivi kwa kila kilometa, tangu safari ya kwanza. Abiria wawili au magunia matatu ya ziada huonekana faida leo, lakini bili yake hufika baadaye, nayo hulipwa kwa fundi.