Lori la Maziwa Halikuja Jioni



Wasomaji waliokuwa katika shule za msingi za pwani mnamo miaka ya themanini hawana haja ya kuelezwa maziwa ya Nyayo. Mpango ule ulianzishwa na Rais Daniel arap Moi mwaka 1979, na kwa mujibu wake kila mwanafunzi wa shule ya msingi alistahiki pakiti ya mililita 200 mara mbili kwa wiki. Pakiti ilikuwa ya pembe tatu, nasi tukiing'ata ncha, maziwa yaliruka mpaka kifuani mwa shati. Siku ya maziwa hapakuwa na mtoto aliyeshughulika na hesabu. Masikio yote yalikuwa barabarani yakilisikiliza lori.

Sisi watoto wa pwani tuliliona lori mwisho wa safari yake. Mwaka 1991 nilipelekwa Eldoret kusomesha madrasa, mwendo wa takriban kilomita 800 kutoka Mombasa, na huko Mwenyezi Mungu akanijaalia kuuona mwanzo wa safari ile. Wenyeji wa asili wakiuita mji ule Sisibo, nalo ni jina la Kiingereza la namba 64, namba ya shamba ambalo mji ulianzia, lililolainishwa katika ndimi za Wakalenjin. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Usiku wa kwanza nilijifunika mablanketi mawili na kanzu juu yake, na bado nilitetemeka. Kabla ya adhana ya alfajiri nikasikia kishindo cha vyuma vikigongana, kana kwamba sufuria za arusi nzima zimeporomoka ngazini. Nilitoka nje nikidhani pana ajali. Kumbe yalikuwa malori ya maziwa yakitoka na mitungi mitupu kwenda mashambani.

Shirika la Kenya Co-operative Creameries, ambalo kila mtu alilijua kwa herufi tatu tu, KCC, liliundwa na walowezi wa Kizungu mwaka 1925. Baada ya uhuru wakulima Waafrika ndio waliokuwa wengi wa wale waliolipelekea maziwa, na viwanda vyake vilienea kutoka Kitale na Eldoret huku juu hadi Miritini kwetu. Siagi tuliyoipaka mkate, samli tuliyopikia biriani siku ya Idi, na maziwa ya unga yaliyofika katika visiwa vya Lamu vilikuwa na alama yake. Mama wa Kiswahili wa Mombasa na mama wa Kinandi wa Uasin Gishu hawakupata kuonana. Kilichowaunganisha ni lori.

Malori yenyewe hayakuwa na uzuri. Mengine yalikuwa Bedford, mengine Isuzu, na mengi ya yale yaliyokwenda mashambani yalikuwa ya wachukuzi waliokodiwa. Nyuma palikuwa na bodi la mbao na turubai. Hapakuwa na mtambo wa baridi. Magari yenye sanduku la kuhifadhi ubaridi yalikuwepo, lakini hayo yalibeba siagi na maziwa yaliyokwisha kuchemshwa na kutiwa katika pakiti, yakielekea mijini. Lori la shambani lilitegemea baridi ya alfajiri tu, na kwa hivyo lilishindana na jua.

Katika safu ya mbele ya msikiti wetu alikuwapo mzee mmoja wa Kinubi, dereva wa malori hayo tangu ujana wake. Wazee wake waliingia Kenya na majeshi ya Waingereza kutoka Sudan, naye alizaliwa Eldama Ravine. Nikimwita Ami, naye akiniita Maalim ijapokuwa nilikuwa na umri wa wanawe. Siku za kazi hatukumwona katika sala ya alfajiri. Aliiswali njiani, juu ya gunia alilolitandika kando ya barabara, huku utingo wake akipakia mitungi.

Siku moja ya likizo alinichukua pamoja naye upande wa Moiben. Kila mita mia kadhaa palikuwa na jukwaa dogo la miti kando ya njia, na juu yake mitungi ya alumini, mikubwa yake ikiingia lita 50, kila mmoja umeandikwa namba ya mwenyewe kwa rangi nyekundu. Dereva hakuhitaji majina. Aliwajua watu kwa namba, na kwa mtungi alijua habari za nyumba. Aliweza kuuinua mmoja kwa mkono akaniambia, "Hapa ng'ombe amekauka," na mwingine akasema, "Hawa wana harusi, maziwa yamebaki nyumbani." Masika ilipoingia, udongo mwekundu wa barabara zile uligeuka kuwa kama ute, na lori lilizama mpaka likavutwa kwa trekta. Utingo alitia minyororo magurudumuni. Ami alikuwa mpole kwa kila kitu ila ucheleweshaji. "Maalim," aliniambia, "maziwa hayana subira. Mtu unaweza kumwomba radhi. Maziwa yakishaganda, umemwomba nani?"

Neno lile ni la kweli kwa elimu pia. Maziwa mabichi yakikaa katika joto, vijidudu vilivyomo huzidi maradufu kila nusu saa au chini yake, na saa chache zinatosha kuyaharibu. Ndiyo maana mapokezi ya kiwanda yalikuwa mahali pa hofu. Mpimaji alinusa kila mtungi, kisha akatia laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea, kinachozama zaidi maziwa yakiwa yameongezwa maji. Mtungi uliokataliwa ulirudi na lori, na namba yake nyekundu ikionekana na kila mpita njia.

Nilipowahadithia wanafunzi wangu wa kike habari za laktomita, niliwakumbusha kisa mashuhuri cha Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), alipopita usiku mitaani Madina akamsikia mama akimwamuru bintiye achanganye maziwa na maji kwa kuwa Khalifa hawaoni, na binti akajibu kwamba ikiwa Khalifa haoni, Mola wake Khalifa anaona. Sayyidna Umar alimwoza binti yule kwa mwanawe Asim, na katika kizazi chao akatoka Umar bin Abdul-Aziz. Wanafunzi walikipenda kisa, hata mmoja akauliza kama yule binti alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe au alikuwa akiwauzia mamake. Nilicheka, nikaendelea na somo. Laiti ningelishika swali lile.

Hapa sina budi kueleza desturi ya watu wa huko. Kwa Wanandi na jamaa zao, tangu zamani, maziwa ya asubuhi yalihesabiwa kuwa ya mume, na maziwa ya jioni yalikuwa ya mke. Ya jioni aliwanywesha watoto, mengine akayatia katika kibuyu kilichopakwa makaa ya mti wa senetwet yakawa mursik, na yaliyozidi akampa jirani au akamwuzia, na senti zile hakuulizwa. Lori la KCC lilikuja asubuhi tu. Maziwa yaliyokamuliwa jioni yasingeweza kulala bila baridi, na barabara zile hazikupitika usiku. Kwa hivyo kampuni, pasi na kukusudia, ilikubaliana na mila. Fedha ya lori, iliyolipwa mwisho wa mwezi kwa namba ya mtungi, ilikuwa ya mume. Kibuyu cha jioni kikabaki cha mke, wala hapakuwa na karatasi yoyote iliyoandikwa.

Mwaka 1992 serikali iliifungua biashara ya maziwa kwa kila mtu, na mwaka uliofuata makampuni binafsi yakaanza kushika soko. KCC ililemewa na madeni, wakulima wakangoja malipo miezi na miezi, na mitungi ikaanza kupungua majukwaani. Mpango wa maziwa ya Nyayo nao ukafifia katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 2000 shirika likaingia mikononi mwa watu binafsi, kisha mwaka 2003 serikali mpya ikalirejesha kwa jina la New KCC. Katika kipindi hicho alfajiri ya Eldoret ilinyamaza. Niliyaona malori mawili nyuma ya gereji moja, magurudumu yametoka, kuku wakitaga katika chumba cha dereva. Ami alikuwa amekwisha kustaafu. Alipita pale pamoja nami, akatia mkono dirishani, akaugusa usukani, wala hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Alifariki miaka michache baadaye, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kisha yakaja matangi ya kupozea. Vyama vya wakulima vilijenga nyumba ndogo vijijini, vikaweka ndani tangi la chuma kisichoshika kutu linaloyashusha maziwa hadi nyuzi 4, na lori jipya la tangi likaja kuyafyonza kwa mpira. Sasa maziwa yaliweza kulala. Gari dogo la chama likaanza kupita hata baada ya alasiri. Watu walifurahi, nami nilifurahi pamoja nao, kwani kila lita ikawa na bei.

Yapata mwaka 2009 akanijia mama mmoja wa Kinandi, Mwislamu, aliyekuwa akihudhuria darsa yetu ya akina mama siku za Alhamisi. Aliketi mlangoni pamoja na binti yake, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sheikh, maziwa ya jioni ni ya nani?" Mumewe, mtu mwema aswaliye, alikuwa sasa akiyapeleka maziwa yote katika tangi, ya asubuhi na ya jioni, kwa namba yake ile ile. Kibuyu kilikuwa kikavu. Alipotaka fedha ya sabuni au ya daftari, ilimlazimu kuomba.

Nilimjibu upesi, tena kwa fahari ya mwenye kujua. Nilimwambia kwamba sheria yetu haijui maziwa ya asubuhi wala ya jioni. Maziwa ni ya mwenye ng'ombe, na mume wake ndiye mwenye boma. Nikamwongezea nasaha juu ya kuwatii waume. Alisema, "Shukran, Sheikh," akaondoka.

Jioni ile nilikwenda kumjulia hali mjane wa Ami, ambaye watoto wote wa mtaa walimwita Nyanya, na katika mazungumzo nikamsimulia fatwa yangu bila kumtaja mwenyewe. Nyanya alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa. "Maalim," akasema, "na ng'ombe ametoka wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Miaka thelathini ya vitabu, na sikuuliza jambo ambalo kadhi yeyote angelianza nalo.

Asubuhi nilipanda matatu nikaenda kwao. Nilibisha hodi, nikaketi na wote wawili, mume na mke, nikauliza. Mume akaeleza bila kusita. Walipofunga nikaha, mahari yalikuwa mtamba mmoja, nao mashahidi walimwona akikabidhiwa. Mtamba yule alizaa, na wana wake wakazaa. Ng'ombe wa baba yake mume walikufa kwa maradhi zamani. Katika boma lile palikuwa na ng'ombe watano wa kukamwa, na wote watano walikuwa kizazi cha mahari.

Mahari ni milki ya mke, hapana mwanachuoni anayelikhitilafu hilo. Mtoto wa mnyama humfuata mama yake katika milki, na maziwa humfuata mnyama. Mila ilimpa mama yule nusu ya siku, nami nikamnyang'anya hata nusu hiyo kwa jina la sheria, hali sheria yenyewe ilikuwa imempa asubuhi na jioni. Niliwaambia hayo mbele ya binti yao, nikamwomba mama radhi. Mume alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi sikujua kama naiba." Nikamwambia kwamba hata mimi sikujua, na mimi ndiye niliyesomeshwa. Gharama za majani na josho alizozitoa yeye kwa miaka yote zilikuwa na mazungumzo yake, nao waliyamaliza wenyewe.

Mama hakutaka vyote. Alisema maziwa ya asubuhi yaendelee kwenda kwa namba ya mumewe, maadamu ndiyo yanayolipa karo, na kwamba anatoa kwa ridhaa yake. Lakini ya jioni alitaka yarudi mkononi mwake, na sehemu yake aiuze kwa jina lake. Karani wa chama alisita kidogo kumsajili mwanamke ambaye mumewe ni mwanachama tayari. Mume akaenda naye, akasimama pale mpaka kadi ikaandikwa.

Nilipita njia ile tena mwezi wa Ramadhani, gari la alasiri likiwa bado halijafika. Kwenye jukwaa palikuwa na mtungi mmoja mdogo, wa zamani, ulioparuzwa mpaka namba ya kwanza ikafutika, na juu yake imeandikwa nyingine kwa rangi nyekundu ambayo ilikuwa haijakauka vizuri. Binti alikuwa ameketi kando yake akiulinda. Aliniambia mama yake ameacha lita mbili nyumbani kwa ajili ya futari, na mursik iko tayari kibuyuni, kwa hivyo nisipite bila kuingia.