Mtandao Haujapotea, Umekwama Mahali

Wiki ya mwisho ya Juni huwa haina usingizi katika saiba za Kisii mjini. Walimu, wachuuzi wa soko la Daraja Mbili na vijana ambao hawajawahi kushika mshahara lakini wana PIN ya KRA hufurika kujaza ritani kwenye iTax kabla tarehe 30 haijapita. Ukurasa ukigoma katikati, mhudumu hana maelezo marefu. "Mwalimu, mtandao umepotea. Ngoja kidogo." Mwalimu anangoja. Kwenye kiti cha jirani, mteja mwingine anatazama video ya kwaya bila kukwama hata mara moja.

Kama mtandao umepotea, video hiyo inapita wapi?

Kauli hiyo ya mhudumu hufunika hitilafu nyingi zisizo na undugu: kebo iliyochomoka, saa ya kompyuta iliyorudi nyuma, rauta mbili zinazogombana, seva iliyozidiwa Nairobi, waya uliokatika chini ya bahari. Dawa ya moja haitibu nyingine. Ndiyo maana ofisi ya Nyamira inaweza kumlipa fundi nauli ya kutoka Kisii, naye akifika akakuta mfagiaji alisogeza meza asubuhi na kebo ikalegea.

Fundi aliyekomaa haanzi kwa kuzima na kuwasha rauta. Anaanza kwa kuuliza. Ni kompyuta moja inayosumbua au zote? Ni tovuti moja au kila tovuti? Ni nini kilichobadilika tangu jana? Kompyuta ikiwa ni moja, ugonjwa uko ndani yake au kwenye kebo yake. Zikiwa zote, macho yaende kwenye rauta na yaliyo nje ya ukuta. Tovuti ikiwa ni moja tu, huenda ofisi haina hatia yoyote. Kipimo cha haraka kiko mfukoni: zima Wi-Fi ya simu, washa data, fungua ukurasa uleule. Ukigoma na huko, acha rauta ipumzike.

Julai 27, 2023, kipimo hicho kingewaokoa wengi. Siku hiyo eCitizen, mlango wa huduma za serikali, ilikuwa imefurikiwa na maombi bandia, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitokeza kudai kwamba ndilo lililofanya shambulio. Waziri wa habari na mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alikiri kuwa mfumo ulishambuliwa. M-Pesa na ununuzi wa tokeni za stima pia vilisumbua. Hakuna fundi wa Kisii angeweza kurekebisha hilo, hata angebadilisha kila kifaa ofisini. Vivyo hivyo Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozimika dunia nzima kwa takriban saa sita kwa sababu ya kosa la wahandisi wa kampuni yenyewe. Waliokuwa wakiwasha na kuzima simu zao usiku huo walikuwa wakijichosha bure.

Kivinjari chenyewe husema kimeshindwa na nini, ila watu hufunga ukurasa kabla ya kusoma. Ujumbe wenye nambari 404 maana yake seva imepatikana, ni ukurasa ulioombwa ndio haupo. Nambari zinazoanzia 500, kama 502 na 503, zinasema seva ya upande wa pili ina matatizo yake. Ujumbe kwamba muda umekwisha bila jibu unaonyesha ombi liliondoka lakini jibu halikurudi. Wenye herufi DNS ni habari nyingine kabisa, na katika ofisi ndogo ndio unaostahili kuzoeleka.

Kompyuta hazijui majina, zinajua nambari. Ukiandika kra.go.ke, kompyuta huuliza kwanza seva ya DNS jina hilo lina nambari gani, ndipo iende. Mpango huu ulibuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka 1983. Seva ya DNS ya kampuni inayouza intaneti ikilala, njia inaweza kuwa wazi kabisa na bado kila tovuti ikaonekana haipo. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: mara nyingi WhatsApp kwenye kompyuta inaendelea kupokea ujumbe huku kivinjari kikiapa kwamba hakuna intaneti.

Kuthibitisha ni rahisi. Kuna amri iitwayo ping, iliyoandikwa na Mike Muuss huko Marekani mwaka huohuo wa 1983, na kazi yake ni kubisha hodi kwenye nambari fulani na kupima jibu limechukua muda gani. Bisha kwa 8.8.8.8, seva ya DNS ambayo Google iliifungua kwa umma Desemba 2009. Jibu likirudi, njia ni nzima. Kisha bisha kwa jina la tovuti. Kompyuta ikisema haimpati mwenye jina hilo, mshukiwa ni DNS, na tiba ni kubadilisha mpangilio ili maswali yaende kwa 8.8.8.8 hiyohiyo au 1.1.1.1 ya Cloudflare, iliyoanza Aprili 2018. Kazi ya dakika mbili, ambayo kuna mafundi huilipisha nusu siku. DNS ikiwa haina kosa na WhatsApp bado inapita, tazama mpangilio wa proksi, yaani seva ya kati ambayo kivinjari huambiwa kipitie. Mtu aliyewekewa proksi kwenye kompyuta yake chuoni akasahau kuiondoa, kivinjari chake kitaendelea kutafuta mlango ambao hauko tena.

Kosa linaloaibisha zaidi ni la saa. Kompyuta kuukuu huwa na betri ndogo kama sarafu, aina ya CR2032, inayohifadhi tarehe mashine ikiwa imezimwa. Betri ikichoka, stima zikipotea usiku mmoja, kompyuta inaamka asubuhi ikiamini kuwa ni Januari mosi ya mwaka uliopita zamani. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari kinalinganisha cheti hicho na saa ya kompyuta, kinaona cheti hakijaanza kutumika, kinapiga kamsa. Benki, barua pepe, iTax, zote zinaonekana hatari kwa mpigo. Tazama pembe ya chini ya skrini kabla ya kumpigia mtu simu.

Tarehe ikiwa sawa na kamsa bado ipo, angalia umri wa mashine. Septemba 30, 2021, cheti kimoja cha msingi kilichotegemewa na tovuti nyingi kiliisha muda wake, na vifaa vya zamani visivyopata masasisho vikaanza kukataa tovuti zisizo na kosa. Tangu mwanzo wa 2023 Chrome haitoi toleo jipya kwa Windows 7, na mashine za namna hiyo bado zinachapa barua katika ofisi nyingi. Kwenye tovuti ya benki, usibonyeze kitufe cha kuendelea licha ya onyo. Hasara yake ni kubwa kuliko ya kungoja.

Halafu kuna fitina za ndani ya ofisi yenyewe. Chukua ofisi yoyote yenye vyumba vinne ambako Wi-Fi haifiki chumba cha mwisho. Afisa wa chumba hicho, kwa nia njema, ananunua rauta ndogo mjini, anachomeka kebo ya ofisi kwenye tundu lisilofaa, anafurahi. Baada ya saa moja watu wa mapokezi hawana intaneti, wa uhasibu wanayo, kesho inakuwa kinyume.

Kilichotokea ni hiki. Rauta hugawia kila kifaa nambari ya IP, kama karani wa hospitali anavyogawa nambari za foleni. Sasa wametokea makarani wawili, kila mmoja na kitabu chake, na aliyechukua nambari kwa karani wa pili anaelekezwa kwenye dirisha ambalo halijafunguliwa. Kompyuta zenye shida zitaonyesha nambari za familia tofauti na wenzao: hawa 192.168.0, wale 192.168.1. Ikionekana 169.254, ujue kompyuta haikupata mgawaji yeyote ikajipa nambari yenyewe, na kwa nambari hiyo haiendi popote nje ya chumba. Rauta ya ziada si haramu. Izimwe tu ule ugawaji wake, ibaki kueneza mawimbi.

Nambari zenyewe pia huisha. Mpangilio wa kawaida wa mtandao mdogo hauzidi nafasi 254, na rauta nyingi za dukani huja zimewekewa pungufu ya hapo. Ofisi inayohudumia umma, ikibandika nywila ya Wi-Fi ukutani, inazigawa nafasi hizo kwa simu za wageni ambao walishaondoka zamani, maana nambari hushikiliwa kwa saa kadhaa, aghalabu siku nzima. Kufikia saa nane mchana mfanyakazi aliyetoka kula anaambiwa ameunganishwa lakini hakuna intaneti. Wageni watengewe mtandao wao, na muda wa kushikilia nambari upunguzwe.

Kisii na Nyamira zina adui mwingine ambaye Nairobi haimjui kwa kiwango hicho. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milima ya Gusii mchana, na ikifika alasiri mara nyingi unageuka mvua ya radi. Radi haihitaji kupiga jengo. Ikipiga karibu, inaamsha mkondo wa umeme ndani ya waya wowote mrefu wa shaba, na waya wa mtandao unaoning'inia kutoka jengo la utawala hadi stoo ni mwaliko. Asubuhi yake swichi inawaka taa kama kawaida, ila tundu moja au mawili yamekufa kimyakimya. Fundi mwerevu huhamisha kebo kwenye tundu jingine kabla ya kulaumu kompyuta. Dawa ya kudumu ni kuunganisha majengo kwa faiba, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme, na kuhakikisha nyaya za ardhini za jengo zipo kweli, si kwenye ramani ya mkandarasi tu.

Wakati mwingine tatizo liko mbali zaidi. Hadi 2009 Kenya ilitegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mwaka huo kebo za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa kupitia baharini, na EASSy ikafuata 2010. Jumapili ya Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilikatika katika bahari ya Afrika Kusini, na intaneti ikapungua kasi katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Hitilafu ya aina hii ina alama yake: tovuti zilizohifadhiwa Kenya zinafunguka haraka huku za ng'ambo zikisuasua.

Tofauti hiyo ina historia. Zamani data kati ya wateja wa kampuni mbili za Kenya ilisafiri hadi ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Watoa huduma wakaanzisha kituo chao cha kubadilishana data Nairobi, KIXP, Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi tume ya mawasiliano ikakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Leo ofisi ya Nyamira ikifungua tovuti iliyo kwenye seva ya Nairobi, ombi lake halina haja ya kugusa bahari.

Kuhusu kasi ndogo isiyo na sababu, sababu huwa ipo: Windows inajisasisha kwenye kompyuta kumi kwa pamoja, simu zinapandisha picha Google, kamera za ulinzi zinatuma video, au mtu anarusha mazishi moja kwa moja kwa jamaa walio Marekani. Hili la mwisho ni gumu kulikataza Gusii. Rauta nyingi zina ukurasa unaoonyesha nani anatumia kiasi gani. Wachache ndio hufungua.

Penye faiba, kiko kisanduku cheupe ukutani chenye taa yenye herufi LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: kebo imekatika mahali kati ya hapo na kampuni, pengine na tingatinga la barabara. Kuzima na kuwasha hakutabadilisha chochote. Piga simu kwa kampuni, taja taa hiyo kwanza kabla hujaambiwa uwashe rauta upya, na uombe nambari ya malalamiko.