Butembo: Tulionja bia chungu ya hopsi, tukaishia kuizungumzia kasiksi

Chupa mbili ziliingia Butembo ndani ya mfuko wa mfanyabiashara aliyetoka Kampala kwa njia ya Kasindi. Hazikuwa Primus, Skol wala Simba. Ilikuwa bia ya kiwanda kidogo, ya aina inayoitwa pale ale: nyepesi, yenye rangi ya asali, na yenye hopsi nyingi. Tulikuwa watu wanne kwenye nganda moja ya mtaa wa Kimemi. Kando ya zile chupa, mama mwenye nganda aliweka bidoni ya kasiksi iliyofika asubuhi ile ile kutoka upande wa Beni. Tukaamua kuonja zote mbili.

Chupa ilipofunguliwa, harufu ndiyo iliyotangulia: ganda la chungwa, majani mabichi, na kitu kama maua. Povu lilikuwa jeupe na likakaa. Mdomoni bia ilikuwa nyepesi, karibu kama maji yenye utamu mdogo wa mkate. Halafu ukaja uchungu. Mmoja wetu alikunja uso, akasema hii ni kinkina. Mtu wa Butembo anajua anachosema, maana magamba ya kinkina yameuzwa hapa miaka mingi. Lakini uchungu wa kinkina hung'ang'ania ulimi, na huu ulipita baada ya muda mfupi, ukaacha mdomo mkavu na hamu ya kunywa tena. Kufikia gobele ya pili, aliyekunja uso ndiye aliyekuwa anaomba aongezewe.

Uchungu ule unatoka kwenye hopsi, ambayo Kifaransa huiita houblon. Ni maua ya mmea unaopanda juu ya kamba au mti kama maharage. Mpishi wa bia huchemsha maji ya kimea cha shayiri, kisha huweka hopsi. Ile inayotiwa mwanzo na kuchemka muda mrefu hutoa uchungu. Ile inayotiwa mwishoni, au baada ya moto kuzimwa, hutoa harufu. Pale ale za siku hizi zinapenda hiyo ya mwishoni. Mtindo huo ulianzia Uingereza, lakini ladha ya machungwa ilikuja hasa na hopsi ya Marekani iitwayo Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972. Kiwanda cha Sierra Nevada, kilichoanza California mwaka 1980, kiliifanya ijulikane sana.

Je, hopsi inaweza kulimwa hapa kwetu? Udongo na mvua tunavyo. Kinachokosekana ni mchana mrefu. Mmea huu unahitaji siku ndefu za kiangazi ili utoe maua vizuri, na Butembo iko karibu kabisa na ikweta: mwaka mzima mchana ni saa 12 tu. Ndiyo maana viwanda vya Afrika Mashariki hununua hopsi kutoka mbali, Ulaya, Marekani au Afrika Kusini.

Zamu ya kasiksi ikafika. Mama alitikisa bidoni kidogo, akamimina. Rangi ni ya udongo mwepesi, haionyeshi ng'ambo ya gobele. Harufu ni ya ndizi iliyoiva kupita kiasi na mtama uliokaangwa. Utamu unaanza, ukali wa uchachu unafuata, na mwisho kuna moshi kidogo. Moshi huo hautiwi na mtu. Unatokana na ndizi kufukiwa shimoni pamoja na majani, na moto kuwashwa pembeni ili ziive kwa siku chache. Baadaye humenywa, hukamuliwa kwa majani makavu, maji yake huchujwa, na unga wa mtama hutiwa juu. Siku mbili au tatu zinatosha, pombe iko tayari.

Ndizi iliyoiva ina sukari yake tayari, tofauti na shayiri ambayo lazima iloweshwe, ioteshwe na ipikwe kwanza ili wanga wake ugeuke sukari. Kwa hiyo kasiksi haihitaji mitambo. Inahitaji shamba, shimo, na mikono ya mama anayejua kazi.

Lakini hapo ndipo tofauti kubwa ya meza yetu ilipoonekana. Ile bia ya Kampala imevuka mpaka, imekaa mfukoni, na bado ni nzima, kwa sababu imechemshwa, na hopsi huzuia bakteria nyingi zinazochachusha kinywaji. Kasiksi haina ulinzi huo. Siku ya kwanza ni tamu, ya pili ni kali, na baada ya siku chache ni siki. Mama anayeiuza hana akiba: ana saa tu.

Na saa hizo, Beni na Butembo, si mali yake. Kati ya miji hii miwili ni kama kilomita 54 za Barabara ya Kitaifa nambari 2. Tangu mauaji yalipoanza kuikumba Beni Oktoba 2014, wakulima wengi wa tarafa hiyo wamekuwa wakipima kila asubuhi kama waende shambani au wabaki. Ndizi zikiiva na hakuna wa kuzikata, zinaozea mtini. Bidoni ikikosa gari siku mbili, inamwagwa. Ndani ya bidoni hiyo kuna ada za shule na dawa za watoto.

Adui wa pili hana bunduki. Ni mnyauko wa bakteria wa migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kuenea Kivu. Aina za ndizi za pombe ndizo zinazoshikwa kirahisi, kwa kuwa wadudu hubeba bakteria kutoka ua la chini la mgomba mmoja hadi mwingine. Mabwana shamba wanashauri jambo rahisi: vunja ua hilo kwa mti wenye panda, usitumie panga, mara tu kichane cha mwisho kinapotoka. Mgomba uliougua ukatwe usawa wa ardhi, na panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine.

Pombe za viwanda vikubwa nazo si salama zaidi. Juni 2025, Heineken, mwenye Bralima wakati huo, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa vituo vyake vya Goma na Bukavu na kuwaondoa wafanyakazi wake huko. Kiwanda kikubwa kikisimama, kazi nyingi husimama pamoja nacho.

Basi kiwanda kidogo Butembo kinawezekana? Kuna jambo moja linalotusaidia. Bia kama Primus huchachuka kwenye baridi ya nyuzi 10 hivi, inayohitaji mashine na umeme. Pale ale huchachuka vizuri kwenye nyuzi 18 hadi 20, na hewa ya mlima wa Butembo iko karibu na hapo bila mashine yoyote. Kimea na hopsi vingetoka nje, na vingelipiwa dola. Ndizi na mtama ni vyetu. Anayefikiri kwamba zao la hapa haliwezi kuingia kwenye pakiti nzuri aende Mutwanga, chini ya Ruwenzori, ambako kakao ya Beni inageuzwa chokoleti.

Kinachohitajika kwanza si ladha mpya, ni namna ya kuiwezesha kasiksi kuishi wiki mbili badala ya siku tatu: bidoni safi, kuchuja vizuri, kupasha moto kabla ya kufunga chupa. Mama akipata wiki mbili, barabara ikifungwa leo atauza kesho.

Tulipoondoka, chupa zote mbili zilikuwa tupu. Bidoni nayo pia. Mama alihesabu faranga zake akauliza kama yule mfanyabiashara anarudi Kampala lini. Tulidhani anataka bia ile tena. Alitaka chupa zenye vifuniko.